MUTOTO ASIYEITIKA JINA LAKE



Mwezi huu tunapenda kuzungumuza nanyi habari ya watoto ambao watu wanawasema kwa sauti ya chini. Wanapopita, majirani wananyamaza. Wanapolia katika kanisa, watu wanageuza vichwa. Na mama yao anatoka inje akiangalia chini.

Tuwaze nyumba moja ya hapa kwetu Mwadingusha. Baba anarudi kutoka kazi, mama anatoka sokoni na karai ya samaki wa Tshangalele. Mutoto wao wa tatu, tuseme ana miaka 4, anakaa karibu na mulango. Baba anamuita jina, haitike. Anamuita tena, hageuke. Lakini dada yake akifungua pakiti ya biskwiti katika chumba cha nyuma, anafika mbio! Basi, masikio anayo. Siku muzima anapanga vifuniko vya chupa kwa mustari, toka mulango mpaka kwenye mbabula. Mutu akisogeza kimoja tu, analia mpaka giza linaingia. Bukari anakula, lakini mboga isiguse bukari. Ukimuuliza: "Unataka maji?", naye anakujibu: "Unataka maji?" Hakuangalie katika macho. Ila mbele ya maji yanayoanguka anaweza kukaa saa muzima, akipiga-piga mikono kwa furaha.

Namna hiyo ya watoto iko katika kartye nyingi za Likasi, Kambove na Lubumbashi, na pengine hata katika lupango yako wewe unayesoma.

WATU WANASEMA NINI?

Mumekwisha kusikia maneno hayo. "Uyu mutoto eko na kitu." "Mama yake njo alimufanya vile." "Iko muloji, anasemaka na benzake ba usiku." Wengine wanasema ni zambi ya baba, ao ni deni la jamaa upande wa bibi. Wengine wanahesabu: tangu mutoto huyo azaliwe, baba alipoteza kazi, dada aligonjwa, mashamba hayakuzaa. Basi wamepata mwenye kosa, naye hana hata kinywa cha kujitetea.

Ndugu musomaji, hapo ndipo hatari inapoanza. Mutoto asiyesema hawezi kusema: "Si mimi." Ndiyo maana inaomba sisi wakubwa tujue kweli, ili tuseme kwa ajili yake.

JINA LA HALI HII

Waganga wanaiita otisme. Si ugonjwa wa kuambukiza, si wazimu, si ujinga. Ni namna bongo la mutoto lilivyojengwa tangu zamani, kwa sehemu kubwa mbele hata ya kuzaliwa. Bongo hilo linapokea sauti, mwangaza, maneno na sura za watu kwa namna ingine. Kelele ambayo wewe unasikia kidogo, kwake inaweza kuwa sawa na nyundo. Na neno ambalo wewe unaona ni rahisi, kwake linaweza kupita sawa upepo.

Kufuatana na Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS), katika mwaka wa 2021 mutu mumoja katika 127 alikuwa na otisme. Wavulana wanahesabiwa wengi kuliko wasichana. Iko kwa weusi na kwa weupe, kwa tajiri na kwa masikini, kwa Wakristo na kwa wasiosali. Watoto hawa hawafanane: mumoja hatasema hata neno moja maisha yake yote, mwingine atasoma vitabu kupita mwalimu wake.

Alama za kuangalia ni hizi:
a) Mutoto wa mwaka 1 haitike jina lake, na hatumie kidole kuonyesha kitu anachopenda.
b) Mutoto wa miaka 2 hajaunganisha maneno mawili, ao alikuwa anasema kidogo na maneno yakapotea.
c) Hacheze na wenzake, hafuatishe wanayofanya wengine.
d) Anarudilia tendo moja: kuzungusha vitu, kupiga mikono, kupanga mistari.
e) Anakasirika sana kitu kidogo kikibadilika: njia ingine, nguo mupya, sahani ingine.
f) Anaogopa sana sauti fulani, ao hasikie maumivu sawa wengine.

Alama moja peke yake haitoshi. Lakini ukiona nyingi pamoja, usingoje useme "atasema tu, hata babu yake alichelewa." Peleka mutoto kwa munganga. Omba kwanza wapime masikio, sababu mutoto kiziwi pia haitike. Mwambie munganga kama mutoto alipata malaria ya bongo, na kama alikuwa vile mbele ya malaria ao kisha. Mwambie pia kama anaangukaka na kifafa. Watoto wengine wenye otisme wanakuwa na kifafa vilevile, na kifafa kina dawa. Ukipewa dawa hiyo, usiiache gafula siku unapoona mutoto amepona. Katika Lubumbashi kuko Santre Joseph Guislain ya Wafrère de la Charité, pahali pa waganga wa bongo na akili. Safari inakula pesa, tunajua. Lakini wangapi wamekwisha kutumia pesa hiyo kwa waaguzi, bila kurudi na kitu?

Dawa ya kufuta otisme haiko. Anayekuuzia chupa ao mafuta na kusema yatamupa mutoto kinywa, anakula franga zako bure. Chanjo pia haileti otisme. Maneno hayo yalitoka katika habari iliyoandikwa Uingereza mwaka wa 1998, na gazeti lenyewe la waganga likaifuta mwaka wa 2010. Basi musinyime watoto chanjo ya surua.

HATA WAZUNGU WALISHITAKI MAMA

Pengine unawaza kwamba kushitaki mama ni desturi ya Kiafrika tu. Hapana. Munganga Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeandika mwaka wa 1943 habari ya watoto 11 wenye hali hii. Kisha yeye na wengine wakaanza kusema kwamba wazazi wa watoto hao walikuwa na moyo wa baridi. Bruno Bettelheim wa Chicago aliandika kitabu mwaka wa 1967 akitia muzigo huo juu ya wazazi, zaidi mama. Wamama wengi walilia wakijihukumu bure. Kwetu wanasema mama alikula mutoto usiku. Kule walisema mama alimugandisha sawa friji. Maneno mbalimbali, kosa ni moja.

Nani aliwasaidia kutoka pale? Ni baba mumoja, Bernard Rimland, ambaye mutoto wake mwenyewe alikuwa na otisme. Mwaka wa 1964 alitoa kitabu akionyesha kwamba hali hii inatoka katika mwili, katika bongo, si katika moyo wa mama. Waganga wa leo wanakubali vile.

Wanafunzi wa Yesu pia waliuliza namna hiyo mbele ya kipofu: ni nani aliyefanya zambi, yeye ao wazazi wake? Soma Yoane sura ya 9. Bwana alikataa yote mawili. Hakutafuta mwenye kosa. Alitazama kazi ya Mungu inayoweza kuonekana katika mutu yule. Sisi tulio na jina lake, tunaweza kutafuta mwenye kosa pahali yeye alikataa?

MUTOTO ALIYEHESABU MISTARI YA MAHINDI

Katika watoto 11 wa Kanner, wa kwanza aliitwa Donald Triplett. Alizaliwa mwaka wa 1933 katika muji mudogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alikuwa anazungusha vitu, anarudilia maneno, haitike mama yake. Alipokuwa na miaka 3 waganga waliwaambia wazazi wamutie katika nyumba ya kulelea watoto, mbali na wao. Walifanya vile. Lakini kisha mwaka mumoja hivi walienda kumutoa, wakamurudisha nyumbani, hata kama waliambiwa wamuache.

Kisha alikaa miaka kazaa kwa bwana na bibi mumoja walimaji, karibu na muji wake. Watu hao hawakuwa waganga. Waliona kwamba mutoto anapenda sana kuhesabu, basi wakamutia ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Waliona anapenda kupima, basi wakamupa kazi ya kupima urefu wa shimo la kisima. Kitu kilichoonekana ni wazimu kilikuwa sasa kazi. Donald alienda masomo ya muji wake, akamaliza masomo makubwa mwaka wa 1958, akafanya kazi katika banki kwa miaka mingi, akaendesha motokari yake mwenyewe, akasafiri inchi nyingi. Alikufa mwaka wa 2023 akiwa na miaka 89, katika muji uleule uliomujua tangu utoto.

Utaniambia: "Pasta, ile jamaa ilikuwa na banki. Sisi hata posho ya mwezi inachelewa." Ni kweli, walikuwa na mali. Na si kila mutoto atafika pale Donald alifika; wengine watahitaji mukono wa mutu siku zote. Lakini angalia vizuri mambo yaliyomusaidia. Walimurudisha nyumbani. Walitumia kile anachopenda ili kumufundisha kile asichojua. Na watu wa muji walimuzoea, hawakumucheka. Katika mambo hayo matatu, ni gani linalouzwa kwa dola?

KAZI YA KILA SIKU KATIKA NYUMBA

Mambo haya yanaweza kufanywa na mama asiyejua kusoma, na baba anayetoka kazi ya usiku:

1. Shuka chini. Kaa karibu naye, uso wako ufike kwenye uso wake. Usipige makelele toka jikoni.

2. Sema maneno kidogo. "Njoo, kula." Kisha ungoje; hesabu mpaka 10 katika moyo. Bongo lake linahitaji wakati.

3. Ingia katika muchezo wake. Anapanga vifuniko? Panga kimoja nawe. Siku ya pili umupe kimoja mukononi na useme: "Kifuniko." Siku ingine ungoje anyooshe mukono kuomba. Vile ndivyo mazungumuzo yanaanza.

4. Tumia picha. Chora kwa kala juu ya karto: kikombe, sahani, kitanda. Anapotaka maji, umuonyeshe kugusa kikombe. Musiogope kwamba picha zitamuzuiza kusema, zinafungua njia. Zakaria, baba ya Yoane Mubatizaji, alipokosa sauti, waliomba kwa ishara na yeye akaandika juu ya kibao. Hakuna aliyesema kwamba hana akili.

5. Fuata mupango mumoja. Kuamuka, kunawa, kula, kwa saa moja na namna moja. Kama mambo yatabadilika, sababu munasafiri Likasi, umuonyeshe mbele, kidogo-kidogo.

6. Acha fimbo. Mutoto anapolia na kujitupa chini, mara nyingi si kiburi. Tafuta sababu: njaa, jino, kelele, jua kali, kubadilika. Fimbo haimufundishe kitu. Inamufundisha tu kukukimbia.

7. Fundisha kazi moja, kwa vipande. Kuvaa shati ni kazi nyingi pamoja: shika, tia kichwa, tia mukono huu, tia ule. Mufundishe kipande cha mwisho kwanza, afurahi kwamba amemaliza.

8. Kumbuka watoto wengine. Kaka na dada wanaona haya, wanachoka, wanasahauliwa. Wape nao wakati wao, na muwaeleze kweli.

Tena baba, sikia. Kazi hii haiko ya mama peke yake. Wababa wengine wanapoona hali ya mutoto wanasema "kwetu hapakuwa vile," na kukimbilia bibi mwingine. Ukimupeleka mutoto wewe mwenyewe kwa mukono, mbele ya watu wote, majirani wataogopa kusema neno.

MAJI YA MWADINGUSHA

Hapa tunapenda kusema kwa nguvu. Katika inchi zilizohesabu, kuzama katika maji ni moja ya sababu kubwa za kufa kwa watoto wenye otisme. Wanatoka nyumbani bila kusema, wanavutwa na maji, na hawaone hatari.

Na sisi tunakaa wapi? Tangu mwaka wa 1930 maji ya Lufira yamefungwa hapa, yanaingia katika matuyo makubwa na kuzungusha mashini. Kazi ya kutengeneza upya mashini zote 6 ilimalizika mwaka wa 2021, na umeme wetu unasaidia mugodi wa Kamoa-Kakula. Juu yetu kuko ziwa Tshangalele, chini yetu kuko maporomoko. Maji hayo yanatupa mwangaza na samaki, lakini kwa mutoto huyu ni mulango wazi.

Basi, tieni kufuli ao ndoano juu ya mulango pahali hafike. Fungeni kengele ndogo kwenye mulango ili ilie ukifunguliwa. Zungukeni kwa majirani, wavuvi, walinzi wa baraji, na muwaambie: "Mutoto huyu hasemi. Mukimuona peke yake, mumukamate mukono polepole, mutuite." Siku anapotea, musianze sokoni, kimbieni kwanza kwenye maji. Na kama iko mutu mukubwa anayejua kuogelea, amufundishe pahali maji ni kidogo.

KANISA LIFANYE NINI?

Wachungaji wenzangu, sasa ni sisi. Mama akileta mutoto wa namna hii, tunaweza kuwa dawa ao sumu.

Mutu atauliza: "Lakini Marko sura ya 9? Kijana yule si alikuwa na pepo?" Tusome pamoja bila haraka. Kwanza Yesu alimuuliza baba kwamba hali hii ilianza wakati gani, alisikiliza muzazi. Pili, hakumushitaki mutoto wala mama. Tatu, hakumupiga, hakumufunga kamba, hakumutia pilipili katika macho, hakumunyima chakula. Kama maombi na kufunga yanatajwa pale, ni juu ya wanafunzi walioshindwa, si juu ya mutoto. Ukitaka kufunga, funga wewe muchungaji. Mutoto ale.

Soma tena Marko sura ya 7. Walimuletea Yesu mutu kiziwi, asiyesema vizuri. Bwana alimutoa katika makutano, akamupeleka pembeni, akatumia vidole vyake kusema naye bila maneno. Alijua kwamba mutu huyu hawezi kusaidiwa katika kelele. Na sisi tunamusimamisha mutoto mbele ya bafle mbili, kwaya inaimba, watu 40 wanapiga makelele juu yake! Ombea mutoto, ndiyo, lakini pembeni, kwa sauti ndogo, mukono wa mama ukiwa juu yake.

Tujue pia sheria ya inchi. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 41, inakataza kushitaki mutoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 2009 juu ya kulinda watoto, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 kwa mwenye kumushitaki. Sheria haichague: hata nabii, hata pasta, hata mujomba. Na tangu tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka wa 2022 kuko sheria ingine inayolinda watu wenye kilema na haki yao ya kusoma.

Mambo ya kufanya siku ya Mungu ni mepesi. Jamaa hiyo ikae karibu na mulango, mutoto atoke na kurudi bila kuangaliwa vibaya. Mumoja wa kanisa amushike saa moja ili mama asikie mahubiri. Katika masomo ya Mungu ya watoto, apewe kazi anayoweza: kupanga mabenchi kwa mustari, kugawa karatasi. Hakuna atakayepanga vizuri kumupita!

Na wazazi mwenye hali moja, mutafutane. Katika Nairobi ni wazazi wenyewe waliojiunga katika miaka ya 2000, na masomo ya serikali yakafungua kalasi ya watoto hawa. Jamaa mbili tatu zikikutana kila siku ya posho katika lupango moja, ni mwanzo.

Vijana, neno moja kwenu. Nyinyi ndio munakutana naye kwenye bomba na kwenye kiwanja. Musimuite "zoba". Mukisimama upande wake mara moja tu mbele ya wenzenu, wengine watafuata.

Wapendwa, Mungu hangoje mutoto aitike ndipo amujue. Mutoto huyu anasikia nyimbo za mama yake hata kama hageuki, na anajua harufu ya kwao. Tumulinde, tumufundishe, tumungoje.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KATIKA NYUMBA

1. Katika kartye yetu, ni mutoto gani tunayemuepuka? Tunaweza kutembelea wazazi wake siku gani?
2. Katika Yoane 9, wanafunzi walitafuta nini, na Yesu alitazama nini?
3. Mutoto wetu anapenda kitu gani sana? Tunaweza kukitumia namna gani ili kumufundisha?
4. Mulango wetu unafungwa vizuri kweli? Nani kati ya majirani hajaambiwa bado?

Neema ya Bwana ikae katika nyumba zenu. Amina.